Vidonge saba kwa siku: kipi kinaziba pengo, kipi kinarudia tu?

SahaniMoja ameuliza:

Habari zenu wadau. Naomba mnisaidie kupiga hesabu, maana kila chupa peke yake inaonekana salama, lakini nikizipanga mezani naona zinarudiana.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kilo 62, sina ugonjwa wala dawa ya kudumu. Tunatarajia kutafuta mtoto ndani ya mwaka huu. Vidonge hivi navimeza kwa mkupuo mmoja baada ya kifungua kinywa, na chai:

1. Multivitamini: retinoli (vitamini A) mcg 1,500, vitamini D IU 400, foliki asidi mcg 400, chuma mg 18, zinki mg 15
2. Vitamini D3, IU 5,000
3. Vitamini C, mg 1,000
4. Kalsiamu kaboneti, mg 1,250
5. Ferasi salfeti, mg 200
6. Zinki, mg 50
7. Kidonge cha nywele na kucha: biotini mcg 10,000, retinoli mcg 1,500, zinki mg 15

Chakula: mayai 2 karibu kila siku, glasi moja ya maziwa, kikombe kimoja cha mtindi, maharagwe au dengu mara 4 kwa wiki, nyama mara 2, ini mara 1, samaki kwa nadra. Tunda moja kwa siku, mboga za majani mlo mmoja. Chai vikombe 4, vingi nikinywa pamoja na chakula. Sijapimwa chochote.

Kipi kibaki, kipi kiondoke, na sahani yenyewe imepungukiwa na nini?

---

HesabuYaLishe amejibu:

Dada, umefanya vizuri kuandika kiasi na si majina tu. Bila kiasi hakuna ushauri, kuna kubahatisha.

Anza kwa kujumlisha chupa zote, kirutubishi kimoja kimoja, kisha linganisha na kiwango cha juu, yaani kiasi ambacho mtu mzima akikipita kila siku kwa muda mrefu hatari ya madhara inaanza kupanda. Kiwango hicho ni ukuta. Si shabaha ya kuifikia.

Retinoli: 1,500 + 1,500 = mcg 3,000. Hapo umeshaugusa ukuta wenyewe kabla hujatia chakula kinywani. Kisha kuna ini. Gramu 85 tu za ini la ng'ombe lililopikwa zina takriban mcg 6,500 za retinoli. Kwa mtu anayetafuta mimba hili ndilo la kwanza kuondoka, na liondoke leo, usisubiri chupa iishe. Retinoli ikizidi katika wiki za mwanzo za ujauzito inaweza kuvuruga uumbaji wa moyo, uso na mfumo wa fahamu wa mtoto, na wiki hizo hupita kabla wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Vitamini hii huhifadhiwa ndani ya ini lako, kwa hiyo ya mwezi uliopita bado ipo. Acha kidonge namba 7, tafuta multivitamini ambayo vitamini A yake ni beta-karotini au haina kabisa, na ini liache mpaka baada ya kujifungua. Karoti, maboga na mboga za majani kula bila hofu: zina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kadiri unavyoihitaji.

Zinki: 15 + 50 + 15 = mg 80. Mwanamke anahitaji mg 8 kwa siku, na ukuta uko mg 40. Tatizo lenyewe halionekani haraka. Zinki nyingi huzifanya chembe za ukuta wa utumbo zitengeneze protini inayoshika metali, na protini hiyo huishika shaba kwa nguvu kuliko inavyoishika zinki. Chembe zile zikichakaa na kubanduka, hutoka na shaba pamoja na kinyesi. Baada ya miezi kadhaa mtu anapata upungufu wa damu na ganzi miguuni, anaongezewa chuma, na damu haipandi, kwa kuwa kilichokosekana si chuma. Ondoa namba 6.

Vitamini D: IU 5,400, ukuta ni 4,000. Mahitaji ya mtu wa umri wako ni IU 600, sawa na mcg 15 (gawanya IU kwa 40 upate mcg). Kwa muda mfupi IU 5,400 hazitakuangusha, lakini dozi kama hiyo hutolewa kwa aliyepimwa akakutwa na upungufu, kwa muda uliopangwa, kisha anapimwa tena. Pima kwanza. Kipimo kinaitwa 25-hidroksi vitamini D, na nmol/L 50 au zaidi inawatosha watu wengi. Ukiwa chini ya hapo, mpe daktari namba yako akupangie.

Chuma: 18 + 65 = mg 83, ukuta ni 45. Hiyo 65 nimeitoa wapi? Ferasi salfeti mg 200 ni uzito wa chumvi nzima. Chuma chenyewe ndani yake ni kama mg 65. Kalsiamu nayo ni vivyo hivyo: kaboneti ina kalsiamu asilimia 40, kwa hiyo mg 1,250 zako ni kalsiamu mg 500 tu. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanasoma namba kubwa ya mbele ya chupa, kumbe inayohesabika ni ile ndogo ya nyuma.

Chuma sikwambii uache moja kwa moja, kwa sababu wanawake wanaopata hedhi mara nyingi wana akiba ndogo na ujauzito unahitaji mg 27 kwa siku. Ninachokuomba ni upime himoglobini na feritini. Himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito. Feritini chini ya mcg 15 kwa lita inaonyesha ghala la chuma liko tupu, hata himoglobini ikiwa bado nzuri. Feritini isipimwe ukiwa na homa au uvimbe, hupanda yenyewe na kukudanganya kwamba akiba ipo.

Foliki asidi ndiyo pekee kwenye orodha yako ambayo ningekuambia ushike kwa mikono miwili. Mcg 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kutunga mimba mpaka wiki ya 12. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kama siku 28 baada ya mimba kutunga. Anayesubiri kipimo cha mimba kionyeshe ndipo aanze, mara nyingi amechelewa. Kama uliwahi kupata mimba yenye kasoro ya uti wa mgongo, kiasi ni tofauti kabisa: mg 4, na ni kwa maagizo ya daktari.

Sasa sahani. Hapa ndipo pengo lako kubwa lilipo, na hakuna kidonge kati ya vile saba kinacholigusa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku na nyuzinyuzi gramu 25. Tunda moja na mboga mlo mmoja ni kama gramu 200 hadi 250. Ongeza tunda la pili, weka mboga kwenye mlo wa pili, na maharagwe au dengu zitoke mara 4 ziwe karibu kila siku: nusu kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kinakupa nyuzinyuzi gramu 7 hivi. Samaki wenye mafuta mara 2 kwa wiki. Sadini za kopo zinatosha kabisa, na ukizitafuna na mifupa yake gramu 100 zina kalsiamu zaidi ya mg 350.

---

DoziNaSaa amejibu:

HesabuYaLishe amemaliza kiasi. Mimi niongeze wakati wa kumeza, maana mkupuo wa asubuhi na chai ni sawa na kuviweka vyote mlango mmoja vigombanie kuingia.

Chai kwanza. Tanini zake hushikana na chuma kinachotoka kwenye mimea na vidonge, na kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kukipunguza kwa zaidi ya nusu. Kahawa vilevile. Huna haja ya kuacha chai. Isogeze tu, saa moja hadi mbili baada ya kula. Badala yake weka chungwa moja kwenye mlo wa dengu, au kamulia limau juu ya dengu zikishaiva. Chungwa la wastani lina vitamini C mg 70 hivi, na hiyo inatosha kukibadilisha chuma cha mmea kiwe katika hali inayopenya. Usiichemshe ile limau. Vitamini C huharibika kwa moto na hukimbilia kwenye maji ya kupikia.

Kalsiamu nayo huzuia chuma vikikutana. Ila kwako swali ni kama unaihitaji. Glasi ya maziwa mg 300, mtindi mg 250 au zaidi, mboga, maharagwe na hizo sadini: unakaribia mg 1,000 za siku bila kidonge. Siku usipokunywa maziwa ndipo kidonge kina kazi. Kaboneti imezwe na chakula kwa sababu inataka asidi ya tumbo, na kalsiamu yenyewe isizidi mg 500 kwa mara moja. Utumbo ukipewa zaidi ya hapo kwa pamoja, sehemu inayonyonywa inapungua.

Ukipimwa na kukutwa na upungufu wa chuma, muulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja. Dozi ya mg 60 hivi huliamsha ini litoe homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma kwa takriban saa 24. Dozi ya kesho yake inakuta mlango haujafunguka vizuri. Utafiti wa 2017 kwa wanawake wenye akiba ndogo ulikuta walioruka siku walinyonya asilimia 21.8 ya chuma walichomeza, na waliomeza kila siku asilimia 16.3. Tena tumbo linasumbuka kidogo zaidi kwa wanaoruka. Kinyesi kuwa cheusi ni kawaida, usishtuke. Lakini kikiwa cheusi, kinang'aa kama lami na kunata, na harufu kali, hiyo inaweza kuwa damu, nenda hospitali.

Chupa ya chuma ifungwe na iwekwe juu, mbali na watoto. Vidonge vichache tu vya chuma cha watu wazima vinaweza kumuua mtoto mdogo, na kwa rangi yake vinafanana na peremende. Hili naliandika kila mara na nitaendelea kuliandika.

Biotini mcg 10,000: mahitaji ni mcg 30. Tatizo lake si sumu. Vipimo vingi vya maabara hutumia biotini kama gundi ndani ya mashine, na ikijaa kwenye damu yako majibu yanaharibika. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari, kwa sababu troponini, kipimo cha shambulio la moyo, inaweza kusoma chini kuliko ilivyo. Vipimo vya homoni za tezi pia hupotoka. Kwa kuwa unakwenda kupima damu, iache siku kadhaa kabla na umwambie mhudumu wa maabara.

Kwa wasomaji wengine wenye dawa: levothairoksini (dawa ya tezi) iachane na chuma na kalsiamu kwa saa 4. Doksisaiklini na siprofloksasini, ambazo ni antibiotiki, hushikana na madini hayo pamoja na zinki na magnesiamu, dawa ikapita bila kufanya kazi. Na wanaotumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) wasiache mboga za majani kwa hofu ya vitamini K. Wale kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili dozi yao ipangwe kufuatana na mlo huo.

---

BimaYaMwili amejibu:

Wakuu, mnamtisha bure. Multivitamini ni bima tu. Kilichozidi mwili unakojoa. Sijaona ubaya wa kujihami.

---

HesabuYaLishe amejibu:

Ndugu, hoja ya kukojoa ni kweli kwa sehemu, na ndiyo maana inapotosha. Vitamini C inafuata hivyo: ukifikia mg 200 hivi kwa siku damu inakaribia kujaa, na dozi ya gramu moja au zaidi utumbo hunyonya chini ya nusu. Inayobaki huvuta maji tumboni na kuleta kuhara, na sehemu ya iliyonyonywa hugeuka oksaleti, ambayo si habari njema kwa mwenye historia ya mawe ya figo. Lakini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huzitunza. Chuma hakina njia ya kutolewa kabisa isipokuwa kwa kupoteza damu na chembe zinazobanduka. Zinki tumeshaona. Hata B6, ambayo huyeyuka kwenye maji, ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu.

Kuhusu bima isiyo na ubaya, jambo hili lilipimwa kwa watu wengi sana. Nchini Finland wanaume 29,133 waliovuta sigara waligawanywa, wengine wakapewa beta-karotini mg 20 kwa siku, kwa matumaini kwamba itawakinga na saratani ya mapafu, kwa sababu wanaokula mboga na matunda mengi huipata kwa uchache. Majibu ya 1994: waliopewa kidonge walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Utafiti wa pili, Marekani, ulisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati wake kwa sababu hiyo hiyo. Vitamini E ya IU 400 nayo ilijaribiwa ili kuzuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2011 ikaonekana imeongeza kwa asilimia 17.

Tafakari karoti ileile. Ndani ya chakula beta-karotini inakuja kidogo kidogo, na wenzake mamia, na nyuzinyuzi, na maji, na inakaa mahali ambapo pengine kungekuwa na biskuti. Kwenye kidonge imekuja peke yake, nyingi, na haijaondoa chochote kibaya mezani. Ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

Sasa, nisieleweke kwamba vidonge havina kazi. Vina kazi kubwa kwa mwenye pengo linalojulikana. Asiyekula kabisa vyakula vya wanyama lazima ameze B12 au ale vyakula vilivyoongezewa. Hapa hakuna mjadala, na ukosefu wake huharibu neva kwa namna ambayo wakati mwingine hairudi. Foliki asidi nyingi inaweza kuuficha upungufu huo, damu ikaonekana nzuri huku neva zikiendelea kufa. Waliovuka miaka 50 mara nyingi hawana asidi ya kutosha tumboni kuichomoa B12 kwenye nyama. Iliyo kwenye kidonge haihitaji kuchomolewa. Wanaotumia metfomini (dawa ya kisukari) kwa miaka, wanaomeza dawa za kupunguza asidi kwa muda mrefu, waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo: hao wapimwe. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama anahitaji vitamini D IU 400, maana maziwa hayo yana kidogo.

Kwa mtu mzima mwenye afya na asiye na pengo, jopo la kitaifa la kinga nchini Marekani lilipitia ushahidi mwaka 2022. Kuhusu multivitamini kuzuia saratani na ugonjwa wa moyo likasema ushahidi hautoshi kusema ndiyo wala hapana. Kuhusu beta-karotini na vitamini E likasema wazi: zisitumike kwa lengo hilo.

---

SahaniMoja ameandika:

Asanteni sana. Nimetoa namba 6 na 7 leo, multivitamini naibadilisha, na nimeomba vipimo vya feritini na vitamini D. Swali la nyongeza kuhusu vyakula vyenyewe: asubuhi nakunywa maji yenye kijiko cha asali na siki ya tufaha, napikia mafuta ya nazi, na nimenunua mbegu za chia kwa ajili ya omega-3. Hivi navyo vinasaidia, au ni matangazo tu?

---

MotoMdogo amejibu:

Dada, kwa kila chakula kinachosifiwa uliza: kinakuja badala ya nini? Kiganja cha karanga kikichukua nafasi ya keki ya saa kumi ni hatua nzuri. Kiganja kilekile juu ya keki ni kalori 170 za ziada.

Asali kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni sukari huru, kundi moja na sukari ya mezani na juisi ya matunda. Kijiko kikubwa kina gramu 17 hivi. Shirika linataka sukari hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mlo wa kalori 2,000 ni gramu 50, na ikiwezekana 25. Kama asali imechukua nafasi ya sukari ya chai, sawa. Kama ni nyongeza, umetumia sehemu kubwa ya hiyo 25 kabla ya saa mbili asubuhi. Na usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja hata tone: asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulini ambazo utumbo wake bado hauwezi kuzidhibiti.

Siki hupunguza kidogo kupanda kwa sukari ya damu baada ya mlo wa wanga. Kuyeyusha mafuta ya mwili haiyeyushi. Ikinywewa kila siku inakula ute mgumu wa meno, na ikinywewa bila maji inachoma koo. Iweke kwenye kachumbari. Huko ina kazi, tena inakusaidia kupunguza chumvi, ambayo inapaswa kuwa chini ya gramu 5 kwa siku.

Mafuta ya nazi: kijiko kikubwa kina gramu 11 za mafuta ya aina inayoganda, ile inayopandisha kolesteroli mbaya. Kwa kalori 2,000 kikomo ni kama gramu 22. Vijiko viwili vimemaliza siku nzima, na hujagusa maziwa, nyama wala mayai. Kijiko cha mafuta ya zeituni kina gramu 2 hivi, na ya alizeti ni hayo hayo au chini. Tumia nazi pale unapotaka ladha yake, kupikia kwa kila siku tumia mafuta ya maji.

Chia nazipenda, lakini kwa sababu nyingine. Gramu 28 zina nyuzinyuzi gramu 10, hilo ndilo la maana, na pengo lako la nyuzinyuzi lipo. Omega-3 yake ni ya mimea, na mwili hugeuza sehemu ndogo sana kuwa aina mbili zilizomo kwenye samaki, EPA na DHA. DHA ndiyo inayojenga ubongo na macho ya mtoto, kwa hiyo chia haiwezi kusimama mahali pa sadini. Usipoweza samaki kabisa, kuna mafuta ya mwani yenye DHA. Ukinunua mafuta ya samaki, tena geuza chupa: kapsuli ya mg 1,000 ya kawaida ina EPA na DHA mg 300 tu zikijumlishwa, iliyobaki ni mafuta mengine.

Namna ya kuzila: kijiko kimoja kikubwa kwenye maji au maziwa mara 6 ya ujazo wake, koroga, subiri dakika 5, koroga tena ili zisishikane chini, acha dakika 15 mpaka ziwe kama uji mzito. Usizibwie kavu kisha ukanywa maji. Huvimba, na zinaweza kukwama kooni. Anza na kijiko kimoja kwa siku kwa wiki nzima ndipo uongeze. Anayeruka kutoka gramu 12 za nyuzinyuzi hadi 30 kwa siku moja hupata gesi na tumbo kujaa, anasema maharagwe hayampendi, anaacha. Bakteria wa utumbo wanahitaji siku kadhaa kuongezeka, na nyuzinyuzi bila maji ya kutosha huleta choo kigumu badala ya kukilainisha.

Kwenye maharagwe: loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Unapunguza sukari zinazoleta gesi na pia fiteti zinazoshika chuma na zinki. Maharagwe mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo peke yake hauiui, na chungu cha umeme cha kupika polepole kinaweza kuiacha hai.

Jambo moja ambalo hawajaligusa wenzangu: angalia kama multivitamini mpya ina iodini mcg 150, na kama chumvi yako imeongezewa iodini. Mahitaji hupanda ujauzito ukianza, na multivitamini nyingi hazina kabisa.

---

SahaniMoja ameandika:

Nimepata moja: haina retinoli, iodini mcg 150, chuma mg 18. Ila imeandikwa folati mcg DFE 680. Si imezidi 400?

---

DoziNaSaa amejibu:

Haijazidi, dada. DFE ni kipimo kinachosawazisha folati ya chakula na ile ya kutengenezwa. Foliki asidi ikimezwa na chakula hunyonywa vizuri zaidi, kwa hiyo kila mcg 1 inahesabiwa kuwa 1.7. Mcg 400 mara 1.7 ni 680. Tazama mabano pembeni yake, utakuta pameandikwa foliki asidi mcg 400.

Kabla hujalipia, soma mstari wa juu kabisa wa jedwali, ule unaotaja kiasi cha kumeza kwa mara moja. Kama ni vidonge 2, basi namba zote ulizonitajia ni za vidonge 2, na ukimeza kimoja umepata foliki asidi mcg 200.

---

SahaniMoja ameandika:

Ni vidonge 2. Ningemeza kimoja.

---

DoziNaSaa amejibu:

Basi meza viwili, na mlo wenye mafuta kidogo ili vitamini D ipenye, na chai isubiri saa moja. Majibu ya feritini yakitoka, uyalete hapa pamoja na tarehe ya kipimo na kama ulikuwa na mafua wiki hiyo.